Ukingo wa Kumi na Nne

Gdańsk, Februari, saa tano usiku.
Bomba la kupasha joto linakoroma ghorofa ya tatu,
nje mto Motława umevaa ngozi nyembamba ya barafu,
na ndani ya kompyuta yangu mto huohuo,
umekatwa pembetatu elfu sitini,
hautaki kutiririka.

Salio halishuki.
Mzunguko wa kumi, wa ishirini, wa arobaini,
kanieneo inapanda hadi tarakimu zinakosa pa kukaa,
kisha mashine inaandika: si namba.
Si namba!
Kama mtu aliyeulizwa jina
akajibu, mimi si mtu.

Nimekagua mpaka baada ya mpaka
mpaka macho yakaniwasha.
Ukutani kasi ni sifuri: maji yakigusa jiwe husimama,
hata mto wenye haraka una utando mmoja usiokwenda popote.
Sakafuni, sifuri.
Penye kuingilia, robo mita kwa sekunde.
Kila sharti limesimama mahali pake kama askari wa gwaride.

Basi nikafanya wafanyalo waliochoka.
Nikachagua fundo moja la wavu, chini kabisa, kushoto,
nikalipigilia msumari:
wewe, kanieneo yako ni sifuri,
mengine yote yajipime kwako.
Na mashine ikatulia.
Salio likashuka ngazi kwa ngazi,
nikapiga meza, kijiko kikaruka kikombeni.

Celina ni mwanafunzi, yuko kwetu tangu Oktoba,
huvaa koti la babu yake lenye vifungo visivyolingana.
Akainama kwenye skrini.
"Bi Wiesława, mbona mishale yote inakwenda pale?"

Pale. Kwenye msumari.
Mto mzima, mita sita za ujazo kila sekunde,
ulikuwa ukizama katika tundu lisilo na upana.
Ugonjwa nilikuwa nimeutengea chumba cha kulala.

Husemwa maji yakimwagika hayazoleki.
Haya yanazoleka: kitufe kimoja tu,
na mto unarudi ulikotoka bila kinyongo.

Celina akachapa ramani, akaitandaza sakafuni,
akapiga magoti na penseli zake:
nyekundu pa kuingilia,
kijivu kuta, kijivu, kijivu, kijivu,
akazunguka yote akarudi alikoanzia
na penseli ya buluu ingali mkononi, haijachongoka.
"Pa kutokea ni wapi?"

Ukingo wa kumi na nne, kwenye lango la maji,
umeandikwa: ukuta.
Tulikuwa tunamimina ndani ya chupa iliyozibwa,
halafu tunailaumu chupa.

Nikampigia Bogumił, aliyeufuma wavu huu
miaka kumi na tisa kabla ya kustaafu na nyuki wake.
Akakohoa. Akazima redio.
"Kumi na nne? Mwaka ule lango lilikuwa limefungwa,
limeliwa na kutu, mafundi wakining'inia kwa kamba.
Nilichora nilichokiona."
Kimya. Kisha, taratibu:
"Lilifunguliwa lini?"

Hakuna aliyejua.
Bata hupita hapo, boti za watalii hupita,
mwaka jana nilipita mwenyewe na mume wangu
tukila mkate wa mbegu za mpopi.
Ndani ya faili tu ndimo lilimobaki limefungwa.

Nikabadili neno moja. Kumi na nne: huru.
Yaani hapa hakuna anayekusukuma, nenda.
Nikang'oa msumari.

Salio likashuka bila madaha,
likakwama kidogo kwenye mzunguko wa thelathini na moja,
likaendelea.
Lakini karibu na nguzo ya kushoto, palepale pa kutokea,
kijimkondo kimejikunja, kinarudi ndani.
"Na hilo," Celina akauliza, "ni kosa?"

Huenda ni kosa. Huenda ni mto.
Nimeandika kwenye kiganja: nguzo ya kushoto.
Kesho, barafu ikiruhusu,
nitavaa buti nikatazame.